Hoteli ya ghorofa tano Fumba, hesabu za tetemeko zimerudi na wino mwekundu

KijanaWaZege

Assalaam alaykum wakubwa zangu. Naomba msaada kabla sijaenda kuaibika mara ya pili.

Nina jengo la ghorofa tano upande wa Fumba, mita 16 kutoka ardhini mpaka paa. Fremu ya zege: nguzo, bimu na slabu, basi. Sakafu ya chini ni maegesho ya gari, wazi pande zote. Juu ni vyumba vya wageni, vimegawanywa kwa bloku za inchi sita. Kila sakafu ina kama mita za mraba 400. Uzito wa jengo lenyewe nimepata kN 20,000 (kN 10 ni kama tani moja). Nikitia ile sehemu ya watu na samani inayohesabika kwenye tetemeko, unafika kN 21,000.

Ofisini kwetu kila kitu ni BS 8110, kanuni ya Uingereza ya majengo ya zege, ndiyo tuliyosomeshwa. Humo tetemeko halimo. Kuna ile asilimia 1.5 ya uzito unayoisukuma ubavuni kwenye kila sakafu, upende usipende, nami nikapata kN 300. Miaka yote tumejenga hivyo na hakuna aliyetuuliza. Safari hii tajiri kakopa nje, mkopeshaji kaja na mkaguzi wake, na mkaguzi anataka Eurocode 8, kanuni ya Ulaya ya majengo na tetemeko. Katupa na ripoti ya kiwanja: mchapuko wa ardhi kwenye mwamba 0.06g (g ni mchapuko wa mvutano wa dunia), kipindi cha marejeo miaka 475.

Nikafungua kitabu. Fremu ya zege, ghorofa nyingi, nguzo nyingi: q, kile kigawanyo cha nguvu ya tetemeko, ni 3 mara 1.3, jumla 3.9. Udongo nikachukua C (kitabu kinaupanga kwa herufi, A ndiyo mwamba). Nguvu ya ubavuni chini ya jengo ikatoka kN 790. Nikaitia kwenye programu, nguzo zote zikapita, nikapeleka huku nacheka. Imerudi hivi: "q haikubaliki. Ringi haziendani na daraja la unyumbufu. Sakafu laini. Daraja la umuhimu litazamwe upya." Sentensi nne, hakuna salamu wala maelezo.

Hiyo q nimeinukuu kama ilivyo, kosa liko wapi? Na kweli Unguja kuna tetemeko la kutufanya tuzidishe nondo? Tajiri ananiuliza hilo kila siku na sina jibu.

---

Mtoto_wa_Ngambo

Tetemeko Unguja? Majengo yetu yanaangushwa na uzee na saruji ya kubania. Beit al-Ajaib iliporomoka Disemba 25, 2020, na ardhi siku hiyo ilikuwa imelala fofofo. Mwambie mkaguzi aje ale pweza, aondoke.

---

MzeeRula

Wa alaykum salaam mwanangu.

Nianze na huyo wa Ng'ambo. Kweli Beit al-Ajaib haikuangushwa na tetemeko, lakini msiba ule usiufanye dawa ya usingizi. Agosti 12 ya mwaka huohuo nilikuwa barazani, saa mbili na robo hivi za usiku, kikombe cha kahawa kikaanza kutembea peke yake juu ya sinia. Kitovu kilikuwa baharini, kusini-mashariki ya Dar es Salaam, na ukubwa wake karibu 6. Hapa Mjini watu walitoka nje, na Dar walishuka maghorofani mbio. Miaka minne kabla yake, Septemba 10, 2016, Bukoba ilipigwa na la 5.9, nyumba zikalala na watu wakafa. Sisi si Bukoba, ndiyo maana umepewa 0.06g na si 0.3g. Lakini 0.06g si sifuri. Na hiyo ni namba ya kiwanja chako kwa ripoti yako. Asije mtu akaichukua hapa akaipeleka Nungwi au Wete.

Tajiri mwambie hivi. Miaka 475 si ratiba, kana kwamba tetemeko ni boti ya saa moja asubuhi. Maana yake, ndani ya miaka 50 ambayo jengo lake linatarajiwa kutumika, pana nafasi ya asilimia 10 mtikisiko ule ufikiwe au upitwe. Akisema haijapata kutokea, mkumbushe Aprili 1872, kimbunga kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na toka hapo karafuu zikawa za Wapemba. Mwenye shamba yeyote wa Unguja ungemuuliza mwezi mmoja kabla, angekwambia kimbunga ni habari za wenzetu.

Sasa q. Umenukuu namba, hukunukuu kichwa cha jedwali.

Lile jedwali lina safu mbili. Ya DCM inakupa 3 mara kizidisho, ya DCH inakupa 4.5. Hizo ni daraja za unyumbufu, ya kati na ya juu. Ukichukua namba ya safu ya DCM umeshatia saini kwamba jengo lako ni la DCM, na kurasa zinazofuata zote za sura ya tano ndizo masharti yake. Kazi ya q ni kugawanya nguvu. Kitabu kinakubali ulihesabie jengo robo tu ya nguvu itakayolifika kwa sababu kinategemea ncha za bimu zitapinda, nondo zitavutika, zege la nje litamenyeka, na jengo litayumba na kurudi. Inayoishika nondo isitoke mahali pake wakati huo ni ringi, vile vyuma vyembamba vinavyoizunguka. Bila ya ringi hakuna kuyumba na kurudi, kuna kwenda tu.

Nitajie: ringi za nguzo umeziachanisha kiasi gani? Kama umefuata BS 8110 na nondo ni za 16, umezidisha 16 mara 12, ukapata 192. DCM kwenye ncha za nguzo inataka namba iliyo ndogo kuliko zote tatu hizi: nusu ya upana wa zege lililomo ndani ya ringi, au milimita 175, au mara 8 ya unene wa nondo. Mara 8 ya 16 ni 128. Halafu ncha ya ringi ikunjwe nyuzi 135, iingie ndani ya zege, na mkia wake uwe mara 10 ya unene wa ringi yenyewe. Halafu kwenye kila kiungo, uwezo wa nguzo za juu na chini kuhimili kupinda uushinde wa bimu mara 1.3, ili bimu ndizo zianze kusalimu amri. Hoteli zetu nyingi bimu ni nene na nguzo ni nyembamba kwa sababu msanifu hataki kuziona. Nakisia na yako ni hivyo.

Ama ufanye hayo yote, ama urudi DCL, unyumbufu mdogo, q isiyozidi 1.5. Kwa mchapuko wako inakubalika. Kitabu kinaipendekeza DCL kwa sehemu zenye tetemeko dogo tu, na mpaka kinaoupendekeza ni 0.08g kwenye mwamba, au 0.10g ukishazidisha na kigezo cha udongo. Chini zaidi, 0.04g kwenye mwamba au 0.05g ukishazidisha, usingehitaji hata kukifungua. Wewe uko katikati.

---

KijanaWaZege

Shikamoo Mzee. Kama umeiona michoro. Ringi ni za 8 kila 190, na kukunja nimemwachia fundi, yaani nyuzi 90. Bimu 600, nguzo 300 kwa 400.

Nimerudi 1.5. Muda wa kuyumba ni 0.075 mara urefu kwa kipeo cha robo tatu. Mita 16 inatoa 8 kamili, kwa hiyo sekunde 0.6. Udongo C una S, kigezo cha udongo, ya 1.15, na TC, muda ambapo sehemu bapa ya spektra inaishia, ya 0.6. Spektra ni ile grafu ya nguvu kwa muda wa kuyumba, basi niko ukingoni kabisa mwa sehemu bapa. 0.06 mara 1.15 mara 2.5 ya sehemu bapa, gawa kwa q ya 1.5, ni 0.115. Zidisha 0.85 kwa kuwa ghorofa zinazidi mbili. Asilimia 9.8 ya uzito. kN 2,050!

Kutoka 300 hadi 2,050. Na hapo sijazidisha 1.5 ya usalama. Programu nzima imewaka nyekundu, tajiri atanifukuza.

---

Nyosha_Kamba

Unajipa tabu bure. Spektra ziko mbili. Chukua ya aina ya pili, kwa udongo C TC yake ni 0.25, na jengo lako la sekunde 0.6 linatoka nje ya ile sehemu bapa. Inashuka asilimia 6.3 hivi. Au ingia kwenye programu uchague kanuni ya Marekani, R (ndiyo q yao) weka 8, bonyeza, nenda kale chakula cha mchana. Sie ndivyo tunavyofanya.

---

MzeeRula

R ya 8 ni ya fremu maalumu, yenye ringi za kubanana kuliko hata hizo za DCM. Fremu ya kawaida kwao ni 3. Na ramani yao ya tetemeko haikuchorwa kwa miaka 475 hiyo, ina msingi wake mwengine. Mchapuko wa Ulaya, R ya Marekani, ringi za Uingereza, mkunjo wa fundi wa Mwanakwerekwe. Urojo wa Forodhani unalika. Huo wako haulikiki.

---

BiMkoani

Nimecheka peke yangu ofisini. Mzee umeniua.

Kaka Nyosha, ile spektra ya pili ina sharti. Inapendekezwa pale ambapo matetemeko yanayochangia zaidi hatari ya kiwanja hayazidi 5.5 kwa kipimo cha mawimbi ya juu ya ardhi. Anayepaswa kusema hilo ni aliyeandika ripoti ya kiwanja, si mimi na si wewe kwa sababu namba imetupendeza. Lile lililomtembezea Mzee kikombe lilikuwa karibu 6.

KijanaWaZege, hiyo 1.5 ya usalama usiizidishe. Hapa wengi tumeteleza, nami nimo. Upepo na mzigo wa watu kwenye vitabu vyetu ni mizigo ya siku za kawaida, ndiyo maana unaiongeza kabla ya kupima uwezo wa mwisho. Tetemeko la miaka 475 limeshakuwa la mwisho lenyewe. Unaliingiza kwa 1.0, uzito wa jengo kwa 1.0, na mzigo wa wageni kwa 0.3. Mtu akikwambia upepo wa kusi unazidi tetemeko, mwambie kwanza auzidishe upepo wake kwa 1.4 kama BS 8110 inavyotaka, kisha ndipo aziweke namba mbili pamoja. Kwa jengo la ukubwa huo sidhani kusi litaifikia 2,050.

Sasa jambo ambalo laiti ningeambiwa mapema. Kwenye Eurocode utaona namba za aya, nyengine zimefuatiwa na herufi P na nyengine hazina. Yenye P ni msingi, lazima, haina mjadala. Isiyo na P ni njia inayokubalika ya kuutimiza ule msingi. Una ruhusa ya kuja na njia nyengine, ila uthibitishe kwamba inaufikia msingi na haipunguzi usalama. Halafu chini ya aya kuna maandishi madogo yenye thamani zinazopendekezwa, kama ile 0.08g aliyoitaja Mzee. Hizo kila nchi inaweza kuweka yake kwenye kiambatisho chake cha taifa. Na mchapuko wenyewe haumo kitabuni hata kidogo, unatoka kwenye ramani ya nchi au ripoti ya kiwanja. Kwa hiyo unapoandikiana na mkaguzi, usimwambie "kitabu kinasema". Mwambie ni aya ipi, ina P au haina, na thamani uliyotumia ni ya kupendekezwa au ya nchi gani. Muulize kwa maandishi kiambatisho cha nchi gani anakitaka. Barua za namna hiyo hurudi haraka.

Kwa sakafu laini, ukienda sehemu ya 4.3.6 utakuta inaanza kwa kusema masharti yake ya kuta za kujazia ni kwa fremu za DCH. Wewe uko DCL. Wakili angekifunga kitabu hapo akadai ada yake. Mbele kidogo kinasema kwa DCM na DCL ni vigezo vya kazi nzuri ambavyo huenda ikafaa kuvifuata. Huenda ikafaa! Basi watu wanabishana mwaka mzima kama huko ni kuamrishwa au kuombwa.

Wacha maneno, tazama jengo. Kwenye programu umechora fremu tupu na bloku umezitia kama uzito tu, sivyo? Basi programu haijui kwamba sakafu nne za juu ni sanduku gumu lililojaa kuta na ya chini ni miguu tu. Tetemeko litajua. Kuyumba kote kutakaa kwenye zile nguzo za maegesho. Uturuki Agosti 17, 1999, majengo mengi yenye maduka wazi chini yalikaa kitako hivyohivyo, sakafu za juu zikashuka zikiwa nzima. Na kama ungebaki na ile 3.9 yako, jengo lisilokwenda sawa kutoka chini hadi juu linapunguziwa q kwa asilimia 20. Ingekuwa 3.12.

Dawa nayoiona ni kuta za zege. Lifti unayo, ngazi unazo. Zijengee kuta za zege kutoka msingini hadi juu, nyengine mbili ziweke upande wa pili ili jengo lisijipinde kama mtu anayegeuza shingo. Kuta zikibeba zaidi ya nusu ya uwezo wa kuhimili nguvu za ubavuni pale chini, jengo linahesabiwa kuwa la mfumo mchanganyiko unaolingana na kuta, na sehemu ileile ya 4.3.6 inakuruhusu kutozihesabu bloku. Umemaliza mjadala wa sakafu laini bila ya kubishana na neno "huenda".

---

KijanaWaZege

Dada BiMkoani ahsante sana. Ila nikitia kuta jengo linakakamaa, muda wa kuyumba unapungua, nguvu si zinapanda tena?

---

BiMkoani

Swali zuri, lakini kwako halina madhara. Ukiwa na kuta kizidisho kinakuwa 0.05 badala ya 0.075, kwa hiyo sekunde 0.4. Sehemu bapa ya udongo C inaanzia 0.2 hadi 0.6. Ulikuwa ukingoni, sasa umeingia katikati ya uwanda. Kimo ni kilekile. kN 2,050 inabaki 2,050, ila sasa kuna wa kuibeba.

---

FundiNondo_77

Samahani wasomi, mie fundi wa nondo. Naona tunasemwa. Ringi ya nyuzi 135 tunaijua, hatukatai. Tunakunja 90 kwa sababu mchoro unaonesha mraba tu na hesabu ya nondo inapigwa kwa mraba. Huo mkia wa ziada kila ringi nani analipa? Nguzo 24, sakafu tano, zidisheni wenyewe. Na ukishakunja 135 kuingiza ringi juu ya nondo zilizosimama ni kazi nyengine, lazima upange zote kabla.

Halafu swali. Kama DCL, 135 bado inatakiwa?

---

MzeeRula

Fundi wangu, umesema kweli, na lawama ni ya anayechora mraba.

DCL inakwenda na Eurocode 2 ya kawaida, kanuni ya Ulaya ya zege, haikulazimishi zile 128. Kukunja 135 mimi ningelitaka hata kwa DCL, na ningeliandika kwenye mchoro kwa picha kubwa, na mkia utiwe kwenye hesabu ili ulipwe. Kitu kimoja DCL haikisamehi: nondo za viungo vinavyobeba tetemeko ziwe daraja B au C. Daraja B ni ile inayorefuka angalau asilimia 5 kabla ya kufika mwisho wa nguvu yake, na nguvu ya mwisho iishinde ya kuanza kunyooka kwa asilimia 8 au zaidi. Cheti cha mzigo ndicho kinachosema. Kuikunja gotini na kuiangalia haisemi kitu.

Na KijanaWaZege, hapo pana fundo. DCL inategemea Eurocode 2. Wewe umechora kwa BS 8110, ambayo Waingereza wenyewe waliiondoa mwaka 2010. Nguzo na kuta zinazobeba tetemeko zifanyie Eurocode 2. Usimwachie mkaguzi hiyo sentensi ya tano.

---

Shangani_Kwetu

Naingilia kidogo. Nyumba yetu ya urithi Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa, dari za boriti. Na yenyewe inahesabiwa hivi?

---

MzeeRula

Hapana. Majengo yaliyokwisha kusimama yana sehemu yake, ya tatu, na ukuta wa mawe na chokaa hauna q ya fremu ya zege. Fungua uzi wake, nitakuja. Kwanza angalia ncha za boriti zinapoingia ukutani, upande unaovuja.

---

KijanaWaZege

Nina la kukiri. Mkaguzi aliandika daraja la umuhimu litazamwe upya, mie nikasema hoteli ni jengo la kawaida, daraja la pili, kizidisho 1.0. Sikusema hapa kwamba ghorofa ya kwanza kuna ukumbi wa harusi wa watu 350.

---

Mtoto_wa_Ngambo

Harusi zenyewe za wikendi. Tetemeko lije Ijumaa usiku saa hiyohiyo? Na nani atakuwa humo?

---

MzeeRula

Mkeo.

---

BiMkoani

😂

Daraja la tatu ni la majengo ambayo kuanguka kwake kuna athari kubwa, na mifano iliyotajwa ni skuli, kumbi za mikusanyiko, taasisi za utamaduni na mfano wa hayo. Hoteli haikutajwa, ukumbi umetajwa. Mimi ningeliweka la tatu, kizidisho 1.2. Kama tajiri anataka la pili, auhamishe ukumbi ajenge banda la makuti nje.

Lakini soma kwa makini hapa. Ile 0.06g ni mchapuko wa marejeo. Mchapuko wa usanifu ni huo mara kizidisho cha umuhimu: 0.072g. Na ule mpaka wa 0.08g unalinganishwa na wa usanifu, si wa marejeo. Nimewaona watu wakilinganisha namba ya ripoti moja kwa moja wakadhani wamepona. Wewe 0.072 iko chini ya 0.08, na ukizidisha 1.15 ni 0.083, chini ya 0.10. DCL bado unayo. Ingelikuwa spitali, daraja la nne, kizidisho 1.4, ungepata 0.084 kwenye mwamba, na hapo ungebaki unashikilia ule mpaka wa pili peke yake, 0.097 dhidi ya 0.10, roho mkononi.

Nguvu yako sasa ni asilimia 11.7, kama kN 2,460.

---

KijanaWaZege

Nimetia kuta nne za milimita 250, mbili kwenye lifti na ngazi, mbili upande wa bahari. Zinachukua zaidi ya nusu. Nguzo zimerudi kuwa kijani, isipokuwa mbili za pembeni. Nimepoteza nafasi tatu za gari, tajiri kanuna lakini kasaini. Namshukuru kila mtu hapa.

Kabla sijapeleka, naweka na udongo, maana nyote mmeipokea C yangu bila kuuliza. Matobo matatu, mita 15 kila moja. La kwanza na la pili: mawe ya matumbawe hadi mita 9, halafu mchanga wenye N, yaani mapigo ya nyundo ya kupimia udongo, kati ya 22 na 35. La tatu hivyohivyo, ila kwenye mita 7 chombo kilidondoka chenyewe kama sentimita 60, kisha kikaendelea. Mchimbaji kaandika "uwazi".

---

BintiMaweni

Nimekuwa nikisoma kimya toka juzi nikisubiri hii. Mimi ni mtu wa miamba, zege siliwezi.

C yako kwa N kati ya 15 na 50 iko mahali pake, na kitabu kinaruhusu kutumia N pale ambapo kasi ya mawimbi ya mtikisiko ardhini haikupimwa. Umefanya vyema kutoandika A. Wengi huku maweni wakisikia jembe limegota wanaandika A, mwamba. A inataka kasi ipite mita 800 kwa sekunde, na inavumilia tabaka laini lisilozidi mita 5 likiwa juu ya mwamba. Kwetu ni kinyume, gumu liko juu na laini liko chini yake. Tena jiwe letu lina matundu, halistahiki kupewa kasi ya mwamba bila kupimwa.

Lakini C ni wastani wa mita 30 na wewe unazijua 15. Ukitaka kuitetea mbele ya mkaguzi, pima kasi ya mawimbi kutoka juu: unapanga vipokezi kwa mstari ardhini, unapiga nyundo, hakuna kuchimba. Umwambie anayepima kwamba tabaka gumu liko juu, kwa sababu tafsiri yake inapinda ukilisahau hilo.

Hiyo mita 7 ndiyo inayonikosesha raha. Uwazi huo hauna herufi. Hamna A wala E itakayouchukua, na hakuna kizidisho kitakachoutibu. Kusini ya Unguja chini ni mapango. Kuumbi pale Jambiani watu wanaingia wakiwa wamesimama wima. Sentimita 60 inaweza kuwa tundu la kuingia kaa, inaweza kuwa dari ya chumba. Ukuta wako wa zege utaleta mzigo mkubwa mahali pamoja kuliko nguzo ulizokuwa nazo. Tobo la tatu liko chini ya nini kwenye mchoro mpya?

---

KijanaWaZege

Nimepanda kuangalia mchoro. Liko mita moja na nusu kutoka ukuta wa lifti.

---

MzeeRula

Basi hujapeleka kitu bado.

---

BintiMaweni

Usipeleke. Toboa manne kuuzunguka ukuta huo, mita mbilimbili kutoka la tatu, yashuke angalau mita 15, na mwambie mchimbaji aandike kila chombo kinapodondoka na maji ya kuchimbia yanapopotea, si neno "uwazi" tu. Maji yakipotea yote kwa mkupuo, simamisha unipigie. Kama pana chumba, kuusogeza ukuta ni rahisi sasa hivi kuliko kumwaga zege shimoni usijue linakwenda wapi.

---

KijanaWaZege

Mashine inarudi Jumatatu. Nimemwambia tajiri. Kauliza kama pango lina popo, maana wageni wanapenda.